Vichekesho vya Kuazima

Mwaka 1985 Channel 4 ya Uingereza ilianzisha Saturday Live kwa kufuata mtindo wa Saturday Night Live ya Marekani, iliyoanza mwaka 1975: vichekesho vya papo kwa papo mbele ya hadhira. Waliazima umbo tu. Kejeli za Ben Elton zilimlenga Margaret Thatcher wao.

Kuazima huko hatukuoni kuwa ni aibu. Lakini wenye televisheni nchini wanaosaka mitindo ng'ambo, je, Mhunze wamefika? Usukumani Bagika na Bagalu hushindana ngoma baada ya mavuno, manju wakikejeliana uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. (Vicheko vya kubandika havina nafasi hapo!) Tunataka kamera ziletwe, na manju walipwe sawa na waigizaji wa Dar es Salaam. Na kiongozi atakayeimbwa asikimbilie polisi.