Uacheni Uwanja wa Hwangnyongsa

Gyeongju, kusini-mashariki mwa Korea Kusini, kuna uwanja mpana wa nyasi ambao wageni wengi huupita bila hata kushuka garini. Hapo palikuwa na hekalu la Hwangnyongsa, na kwa miaka mingi sasa kumekuwa na mpango wa kuujenga upya mnara wake. Mimi nasema mnara huo usijengwe. Nasema hivyo nikijua kwamba mzee aliyenitembeza mjini humo, anayeijua historia yake kuliko nitakavyowahi kuijua mimi, hakubaliani nami hata kidogo.

Gyeongju ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Silla, uliodumu karibu miaka elfu moja hadi mwaka 935. Makaburi ya wafalme bado yako katikati ya mji, vilima vya kijani ambavyo watu huvipita wakienda dukani. Mzee wangu ni mwalimu mstaafu, kwa hiyo nilimwita Mwalimu, na kwa desturi ya Kikorea hiyo ndiyo heshima inayomfaa. Tulitembea siku mbili. Kila tulipofika, hakuanza na aliyejenga. Alianza na aliyebomoa. Hekalu la Bulguksa lilichomwa na majeshi ya Japani mwaka 1593. Mnara wa mawe wa Dabotap, uliomo humo humo, ulikuwa na simba wanne. Leo amebaki mmoja, na Mwalimu alinionyesha mahali walipokaa wengine kama mtu anayeonyesha viti vya ndugu waliofariki.

Kisha tukafika uwanjani. Mnara wa Hwangnyongsa ulikamilika mwaka 645, enzi za Malkia Seondeok: ghorofa tisa za mbao, kimo kinachokadiriwa kuwa karibu mita 80. Mwaka 1238 Wamongolia waliuteketeza. Yamebaki mawe ya msingi, safu kwa safu, na jiwe moja kubwa katikati. Mwalimu alisimama juu ya nyasi akasema, "Miaka yote hii nawaeleza watu uwanja mtupu. Wananitazama kama nauza hewa. Kwa nini aliyechoma ndiye awe na neno la mwisho?"

Hilo ni swali zito, na wanaopinga ujenzi huu mara nyingi hulikwepa. Nitalijibu, ila kwanza nitasema kwa nini sikubaliani naye.

Hakuna aliyeuona mnara huo. Maandishi ya kale yanatupa kimo, mawe yanatupa upana, lakini mchoro wa mafundi haupo. Yaliyosalia ni kukisia. Kukisia si dhambi: kando ya uwanja kuna makumbusho yenye mfano wa mnara, wenye kimo cha sehemu moja ya kumi. Ukiutazama unajua kwamba watu wamejaribu kuwaza. Jengo la mita 80 halikuambii hivyo. Litazame daraja la Woljeonggyo, lililokamilika mwaka 2018 juu ya mabaki ya mawe ya Silla. Usiku linawaka taa, linapendeza, na vijana waliokodi mavazi ya kifalme wanapigana picha. Sikuona yeyote akijiuliza ukale wa daraja unaishia wapi na kazi ya juzi inaanzia wapi.

Wanaosema kwamba siku hizi utaalamu umekua, waende Seokguram. Buddha wa jiwe amekaa ndani ya pango lililojengwa karne ya 8 mlimani juu ya Bulguksa. Kati ya mwaka 1913 na 1915 wahandisi wa serikali ya kikoloni ya Japani walilifumua na kulijenga upya kwa saruji, iliyokuwa teknolojia ya kisasa ya wakati ule. Unyevu ukanasa ndani, ukungu ukaanza kutambaa juu ya mawe. Miaka ya 1960 Wakorea wenyewe wakaongeza kuba la pili la zege na mitambo ya kurekebisha hewa. Leo unamtazama Buddha kupitia kioo, kwa sababu kila kizazi kiliamini kwamba chenyewe ndicho kimejua.

Mtaniuliza: mbona Bulguksa imejengwa upya na hulalamiki? Kweli, kumbi zake nyingi zilirudishwa kati ya mwaka 1969 na 1973. Lakini Bulguksa ni nyumba inayotumika. Watawa wanasali humo, na nyumba ya ibada ikiungua wenye ibada huijenga tena. Mnara wa Hwangnyongsa utajengwa kwa ajili ya nani? Nahofia jibu ni mabasi ya watalii.

Sasa swali la Mwalimu. Mnara ukisimama, moto wa 1238 utafunikwa. Mtoto atakayefika hapo ataona jengo zuri na kuuliza kama lina lifti. Hatauliza kulikuwa na nini, wala nani alikiondoa. Aliyechoma hatakuwa amenyimwa neno la mwisho. Atakuwa amefutiwa kosa lake. Ule utupu ndio ushahidi uliobaki dhidi yake, na shahidi anayeusoma ni mtu kama Mwalimu, anayeweza kusimama juu ya jiwe lisilo na nguzo na kukufanya uinue kichwa kutazama ghorofa ya tisa.

Mimi niliinua. Mji wenye watu wa namna hiyo hauhitaji mbao za mita 80. Fedha za mnara zitumike kuwalipa vizuri, na kuwafundisha vijana watakaoshika kazi yao. Mwalimu ana zaidi ya miaka sabini, na siku zile mbili sikuona kijana hata mmoja akijifunza kwake.