Shule za ada nafuu Kwa Mathias: tatizo si ada, ni kalenda ya fedha

Januari ikifika, mwalimu mkuu wa shule ndogo ya binafsi hugeuka kuwa mkusanya madeni. Kwa Mathias, Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro, mama lishe, mwendesha bodaboda na mfugaji wa kuku wa nyama wanadaiwa ada wakati uleule ambao sikukuu zimekausha mfuko. Asiyelipa, mtoto wake anarudishwa nyumbani.

Wapo watakaouliza kwa nini wahangaike wakati shule ya serikali haina ada. Ni swali la haki. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia Januari 2016 ikaondolewa hadi kidato cha nne. Lakini shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, na mzazi anayetazama mbele anaona bora ajibane. Mimi nina mashaka, maana Kiingereza cha baadhi ya shule hizi kipo kwenye kibao cha getini tu. Hata hivyo, fedha ni zake.

Tufanye hesabu ya mfano. Shule ina watoto 120, kila mmoja analipa Sh300,000 kwa mwaka. Hizo ni Sh36 milioni. Walimu saba wa mshahara wa Sh300,000 kwa mwezi wanachukua Sh25.2 milioni. Mchango wa mwajiri NSSF, asilimia 10, ni Sh2.52 milioni. Zinabaki Sh8.28 milioni za pango, maji, umeme, chaki na uji. Sasa mzazi mmoja kati ya watano asipolipa, zinapotea Sh7.2 milioni. Kilichobaki, Sh1.08 milioni, hakitoshi hata kumlipa mlinzi.

Kwa hiyo shule hii haiuawi na ada ndogo, inauawa na madeni. Mmiliki akipandisha ada kufidia, wanaolipa vizuri ndio wa kwanza kuhama. Anayedaiwa naye humhamishia mtoto shule ya jirani, ambako anapokelewa kwa furaha kwa kuwa nako wanatafuta wanafunzi. Mwaka 2020 udhaifu huu ulionekana wazi: shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya corona, nyingi zikarejea Juni 29. Ada ilisimama, pango halikusimama.

Mkulima na mfanyabiashara mdogo hawapati fedha kwa mihula. Kuku wa nyama hutoa fedha kila baada ya wiki tano au sita. Korosho huuzwa kuanzia Oktoba. Muhogo husubiriwa miezi tisa na zaidi. Mama lishe hupata kila siku, kidogokidogo. Kumdai kila mmoja wao robo ya ada kwa siku moja ni kutojua biashara zao.

Njia ninayoiona ni shule kushirikiana na vikundi vya akiba na mikopo, VICOBA, ambavyo wazazi wengi tayari wamo. Mzazi anaweka akiba kila wiki, kikundi kinailipa shule muhula unapofunguliwa, naye anarejesha kuku wakiuzwa. Shule inayolipwa mapema itoe punguzo. Asilimia tano ya Sh75,000 ni Sh3,750, inayomsaidia mzazi kulipa riba ya kikundi. Wanakikundi wanafahamiana kuliko mwalimu mkuu anavyowafahamu. Ila kikundi kisiwe cha wafugaji wa kuku watupu: bei ikianguka, wote watakwama mwezi mmoja. Aidha, kiwe kimesajiliwa kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavyotaka.

Shule zenyewe nazo zikubali kukaa meza moja. Shule nne zikichanga zinaweza kukodi Fuso hadi soko la Kibaigwa, Dodoma, baada ya mavuno, badala ya kununua mahindi ya uji debe kwa debe Februari bei ikiwa juu. Mhasibu mmoja anaweza kuzihudumia zote nne.

Kenya, kampuni ya Bridge ilianza shule za bei nafuu Nairobi mwaka 2009, ikipokea ada kwa simu. Hilo la simu tuige. Mtaji wake ulitoka mbali, na IFC, taasisi ya Benki ya Dunia, ilijitoa mwaka 2022. Kibaha tuna mfano wetu wa zamani: mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963, leo Shirika la Elimu Kibaha, uliweka shule, mafunzo ya wakulima na afya chini ya paa moja.

Mazungumzo yafanyike Oktoba. Vifaranga vya Krismasi huingia bandani mapema Novemba, na sehemu ya mauzo yake ikikatwa moja kwa moja kwenda kwenye kikundi, ada ya Januari itakuwa imelipwa kabla pilau halijapikwa.