Eti Anakimbia "kama Mwanamke"
Katika vikundi vya mbio za pole mijini, mwanamume akichoka njiani huambiwa anakimbia "kama mwanamke", na mama akiwapita wanaume husifiwa kuwa "dume". Wasemaji hudai ni utani. Utani gani huu, ambamo ulegevu kila mara ni wa kike na ushupavu ni wa kiume? Julai 2025, mjini Eugene, Marekani, Beatrice Chebet wa Kenya alimaliza mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 58.06, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 14. Kwa muda huo watani wetu wengi, vitambi mbele, hawajafika kilomita ya tatu. Utani huo ni ubaguzi wa kijinsia, hata msemaji akiwa mwanamke. Aliyechoka mwambieni amechoka.