Katuma utiririke, samaki wapumue

Kiangazi kikikaza, mto Katuma hapa Sitalike hubaki madimbwi. Viboko hubanana kwenye tope, wageni wa Hifadhi ya Katavi hupiga picha, na ni nadra mtu kuwatazama samaki.

Watazameni. Perege hupanda juu midomo wazi, wakitweta, huku korongo wamejipanga ukingoni. Siku nyingine kivuli tu cha ndege kingewatawanya. Sasa wakizama wanakosa pumzi, wakibaki juu wanaliwa. Kambare ana nafuu, kwa kuwa anaweza kuvuta hewa ya nje.

Kiboko hula majani usiku nchi kavu, mchana akashusha kinyesi majini. Mto ukitiririka, hicho ni chakula cha viumbe hadi Ziwa Rukwa. Ukisimama, kinyesi huoza, bakteria humaliza oksijeni na kuacha hewa ukaa. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2018 zilionyesha hali hiyo kwenye Ruaha Mkuu na Mara: Ruaha samaki walipungua madimbwini, Mara walikufa kwa kukosa oksijeni.

Ni kweli hewa ukaa inaongezeka duniani kote, kutoka sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420 sasa. Huko Kanada, utafiti wa mwaka 2015 uliona samoni wachanga kwenye maji baridi yenye hewa hiyo nyingi wakishindwa kukwepa harufu ya hatari. (Kwa samaki wa baharini wanasayansi bado wanavutana, tena kwa ukali.)

Lakini tabianchi isigeuzwe kichaka cha kujifichia. Hewa ukaa ya dimbwi la Sitalike haikutoka kwenye viwanda vya ng'ambo. Imetokana na maji kusimama, na sehemu ya maji hayo huishia kwenye mabanio na mifereji ya mpunga huko juu.

Mkulima lazima ale, hatubishi. Ila Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka mpangilio: matumizi ya nyumbani kwanza, mazingira yafuate, ndipo shughuli za uchumi. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa ivunje mabanio yasiyo na kibali, itangaze kiasi cha maji kinachopaswa kufika Sitalike kila mwezi wa kiangazi, na ipime oksijeni madimbwini. Matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji.