Tulisome Tairi Kabla ya Kulinunua

Vijana wengi wa Buruburu huyaenzi magari ya kasi, hasa Subaru Impreza. Matairi yakiisha, aghalabu mwenye gari huuliza mambo mawili tu: bei, na kama tairi linang'aa. Kwa maoni yangu, huko ni kununua bila kusoma.

Ubavuni mwa tairi pana maandishi. Tuchukue mfano wa 205/55 R16 91V. Upana ni milimita 205; kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo; rimu ni ya inchi 16; 91 ni uwezo wa kubeba kilo 615; na V ni kasi isiyozidi kilomita 240 kwa saa. Alama hizi ni kama viambishi vya kitenzi: ukibadilisha kimoja, maana nayo imebadilika.

Aidha, tarakimu nne zinazohitimisha msimbo wa DOT hutaja umri. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Mpira hukakamaa hata ukikaa dukani, wala rangi nyeusi haiondoi uzee. Tairi kuukuu huteleza mvuani, na Barabara ya Jogoo haina huruma.

Tangu kampuni ya Sameer ilipofunga kiwanda chake cha matairi jijini Nairobi mwaka wa 2016, tunategemea mno yatokayo nje, mitumba ikiwemo. Mnunuzi hana budi kuwa mkaguzi.

Walimu wenzangu, tuwafunze wanafunzi kusoma tairi kama tunavyowafunza kusoma shairi. Asiyesoma hulipa mara mbili, na malipo ya pili huenda yakawa uhai.