Projekta Haifundishi

Ingia katika ukumbi wa mihadhara wa chuo kikubwa siku hizi, utakuta projekta imewashwa. Mhadhiri amesimama kando ya ukuta akisoma slaidi neno kwa neno. Waliokaa nyuma wanainua simu, wanaipiga picha slaidi, kisha wanarudi WhatsApp. Picha hizo ndizo madesa ya usiku wa kuamkia mtihani. Nasi twajisifu kwamba tumeingiza teknolojia vyuoni, ilhali tumebadili chaki tu, na mwanafunzi angali kimya kama zamani.

Eric Mazur, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliugundua ugonjwa huu mwaka 1990. Wanafunzi wake walikokotoa hesabu nzito bila taabu, lakini walipopewa maswali mepesi ya dhana, wengi walikwama. Chukua swali la aina hiyo: lori la mchanga likigongana na bajaji, ni lipi linalomsukuma mwenzake kwa nguvu kubwa zaidi? Newton anajibu kuwa nguvu ni sawa pande zote mbili, ingawa bajaji ndiyo itakayokunjika. Mwanafunzi mmoja alimwuliza Mazur kama ajibu alivyofundishwa au anavyofikiri mwenyewe. (Swali hilo lastahili kubandikwa kwenye mlango wa kila mhadhiri.) Mazur akapunguza kuhutubia. Akawa anatoa swali, kila mmoja anajibu peke yake, kisha anamgeukia jirani wabishane, halafu wote wanajibu tena. Majibu hayo huweza kutumwa kwa simu, na hesabu ikatokea ukutani papo hapo. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati: palipokuwa na mihadhara mitupu walifeli wanafunzi 34 hivi katika kila 100, palipokuwa na ushiriki, 22.

Watasema simu huvuruga darasa. Ni kweli, hasa ile ambayo mwenyewe hakupewa kazi ya kufanya nayo. Watasema pia bando ni ghali na simu janja si ya kila mtu, na hoja hii ni nzito. Lakini jibu lake lipo. Nathaniel Lasry, huko Kanada, alilinganisha mwaka 2008 darasa lililojibu kwa vifaa vya kielektroniki na lile lililoinua kadi za karatasi, asione tofauti ya maana katika kujifunza. Basi kilichofundisha ni swali na ubishi uliofuata. Kifaa kina faida yake: huhesabu upesi ukumbi wa watu 500, humsitiri mwenye haya, na humwachia mhadhiri kumbukumbu ya walipokosea. Asiye nacho akate manila.

Wapo pia wanaohofia kwamba silabasi haitaisha. Silabasi huisha kwa nani? Mhadhiri anaweza kufika ukurasa wa mwisho akiwa peke yake. Yale ya kusomwa yatumwe mapema, watu wayasome hosteli, na saa ya darasani ibaki kwa yale yanayowatatiza.

Kwa hiyo, ndugu mhadhiri, kabla hujaomba projekta mpya, katika kipindi chako kijacho futa slaidi kumi na mahali pake weka swali moja ambalo nusu ya darasa italikosa. Kisha nyamaza, uwaache wabishane.