Kanieneo ihesabiwe kwenye tairi la lori

Barabara kuu ya kutoka Singida kwenda Nzega hushuka mlima Sekenke kabla ya kufika Shelui, wilayani Iramba, na usiku na mchana hupitwa na malori ya Mwanza, Rwanda na Burundi. Mwanafunzi wa hapo hana haja ya kutafuta mbali mfano wa kanieneo, yaani kani ikigawanywa kwa eneo inaloliangukia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, haitazami uzito wa gari zima peke yake. Lori la ekseli saba linaweza kuruhusiwa tani 56, lakini ekseli moja yenye matairi manne haipaswi kuzidi tani 10. Mzigo umegawanywa kwanza, ndipo ukahukumiwa. Kwa hiyo nasema swali la kanieneo litoke barabarani, na jibu lenye kizio kibovu lihesabiwe kuwa ni kosa la fizikia, si la uandishi.

Tuichukue ekseli hiyo ya tani 10. Kila tairi linabeba tani 2.5, yaani kilo 2,500, ambazo kwa hesabu za shuleni ni nyutoni 25,000. Tuseme sehemu ya tairi inayogusa lami ina urefu wa sentimita 20 na upana wa sentimita 16: sentimita za mraba 320. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kwa kuwa mita moja ina sentimita 100, hugawanya kwa 100 na kupata mita za mraba 3.2, kisha wanaandika paskali 7,800 hivi na kufunga daftari. Lakini mita ya mraba ina sentimita 100 kwa urefu na 100 kwa upana, hivyo kigawanyo ni 10,000. Eneo ni mita za mraba 0.032, na kanieneo ni takriban paskali 780,000. Lile jibu la kwanza lina maana ya ajabu. Mtu wa kilo 70 aliyesimama kwa nyayo zenye jumla ya sentimita za mraba 400 hukandamiza ardhi kwa paskali 17,500, kwa hiyo tairi la lori lililosheheni lingekuwa jepesi kwa lami kuliko mtembea kwa miguu!

Wapo watakaosema kwamba kanuni ndiyo ya msingi, na mwanafunzi aliyeiandika sawasawa asinyimwe alama kwa sababu ya sifuri mbili. Alama ya kanuni apewe, sina ugomvi. Ila sifuri hizo mbili ni kosa la mara mia, na duniani makosa ya vizio yana gharama. Julai 1983 ndege ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu ratili zilichukuliwa kuwa kilo. Abiria walipona kwa umahiri wa marubani walioitua bila injini.

Hoja nzito zaidi ni kwamba barabarani hakuna anayetumia paskali: mizani husoma tani, na fundi pancha husoma psi kwenye geji yake. Ni kweli, na mimi naona hapo ndipo penye faida kubwa. Psi moja ni takriban paskali 6,900, hivyo paskali 780,000 ni kama psi 113. Upepo wa matairi ya malori makubwa huchezea karibu na psi 110 hadi 120. Hesabu iliyoanzia kwenye tani na sentimita imekutana na geji, kwa sababu hewa iliyomo ndani ya tairi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo. Mwanafunzi aliyepata 7,800 akiigeuza atapata psi 1 na kidogo, na fundi yeyote atamwambia kuwa tairi hilo limekaa chini.